Kinachotibu Mzizi wa Jino ni Maji ya Dawa

Gego la kwanza la chini huota mtoto akikaribia miaka 6, nyuma ya meno ya utotoni, na wazazi wengi hudhani nalo litang'oka lenyewe. Kwa hiyo halitunzwi, na ni miongoni mwa meno yanayooza mapema zaidi. Mtu akifika utu uzima ndilo linalomkesha.

Ndani ya jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu inayoingilia kwenye tundu dogo la ncha ya mzizi. Uozo ukikifikia, kiini huvimba, lakini kuta za jino hazitanuki. Shinikizo hupanda, damu hubanwa, na hapo ndipo maumivu ya usiku hayalaliki. Kisha siku moja maumivu hukoma. Wengi hushukuru wakidhani jino limepona, kumbe kiini kimekufa. Bakteria hushuka taratibu hadi ncha ya mzizi, mfupa huanza kulika, na kwenye eksirei huonekana kivuli cheusi.

Uvimbe ukijitokeza, watu hukimbilia duka la dawa kutafuta antibiotiki. Dawa hizo husafiri kwenye damu, na kiini kilichokufa hakina damu. Uvimbe unaweza kushuka, lakini chanzo kimebaki palepale. Nafasi ya antibiotiki ipo pale uvimbe unapoenea usoni au shingoni, au homa inapopanda. Na mgonjwa akishindwa kumeza au kupumua vizuri, apelekwe hospitali wakati uleule.

Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa magego ya panya hadi kwenye kiini na kuyaacha wazi. Kwa panya wa kawaida, viini vilikufa na majipu yakatokea. Kwa panya waliolelewa katika mazingira yasiyo na kijidudu hata kimoja, viini vilibaki hai na kuanza kujijengea ukuta mpya, ijapokuwa chakula kilikuwa kikiingia kwenye tundu. Adui akajulikana: ni bakteria, na kila hatua ya tiba ya mzizi inawalenga wao.

Baada ya sindano ya ganzi, jino hutengwa kwa kipande cha mpira kilichotobolewa, mbinu ya Sanford Barnum wa New York tangu 1864. Mpira huo huzuia mate yasiingize bakteria wapya, na humkinga mgonjwa asimeze kifaa wala dawa. Mimi naihesabu kuwa hatua ya lazima, na mgonjwa ana haki ya kuiulizia.

Kisha jino hutobolewa juu, na mifereji hutafutwa. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mitatu, miwili kwenye mzizi wa mbele na mmoja wa nyuma, lakini wa nne si ajabu. Mfereji uliosahaulika ni hifadhi ya bakteria, na tiba nyingi hushindwa kwa sababu hiyo. Daktari huingiza tupa nyembamba sana: namba 10 ina ncha ya milimita 0.10. Kifaa cha umeme, ambacho waya wake mmoja umening'inizwa mdomoni, humwonyesha tupa inapokaribia ncha ya mzizi, naye husimama kama milimita 0.5 hadi 1 kabla ya kutoka nje.

Watu hudhani tupa ndiyo inayosafisha. Picha za skana zimeonyesha kwamba theluthi moja au zaidi ya ukuta wa mfereji huweza kubaki bila kuguswa, kwa kuwa mifereji ina vichochoro na mapana yasiyo sawa. Ni kama kuosha kibuyu: kijiti hakifiki kila pembe, maji ndiyo yanayofika. Maji yenyewe ni haipokloraiti ya sodiamu, kemikali iliyomo kwenye jiki, hapa ikiwa imeandaliwa kwa kipimo cha tiba. Huua bakteria na kuyeyusha mabaki ya nyama. Sindano yake haitakiwi kubana mfereji, maana dawa ikisukumwa nje ya mzizi huunguza vibaya. Tupa kazi yake ni kuipanulia dawa njia, na anayeharakisha uoshaji ameharakisha tiba yenyewe.

Mfereji ukikauka hujazwa gutapacha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, pamoja na gundi maalumu. Wengi huishia hapo, maumivu yakiwa yamekwisha, na kuendelea kutafuna na kizibo cha muda kwa miezi. Kizibo kikivuja, bakteria hurudi. Na gego lililobaki na kuta nyembamba hupasuka. Linahitaji kizibo cha kudumu, mara nyingi na kofia juu yake, kisha eksirei baada ya mwaka mmoja kuona kama kile kivuli kinajaa mfupa.