Kizingiti na Maji: Uchambuzi wa Kinga ya Nyumba katika Bonde la Msimbazi

Mto Msimbazi, unaoanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe na kuingia katika Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander, hulikata jiji la Dar es Salaam kupitia uwanda tambarare ambao hufurika wakati wa masika, yaani mvua za Machi hadi Mei, na mara nyingine wakati wa vuli, yaani mvua za Oktoba hadi Desemba. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuifanya Serikali iwahamishie waathirika Mabwepande, ndiyo yanayotajwa zaidi. Hata hivyo, kwa wakazi wengi wa Jangwani, Kigogo na Hananasifu maji kuingia ndani ni jambo la kawaida la msimu, na mafundi wa mitaa hiyo wamejiwekea utaratibu wao wa kuikinga nyumba. Utaratibu huo una mantiki ya kihandisi, lakini mafanikio yake hutegemea mambo mawili: kuziba njia zote za maji kwa pamoja, na kujua kimo ambacho maji yakikipita, ni salama zaidi kuyaacha yaingie.

Kwanza yafaa kutenganisha aina mbili za mafuriko. Ya mto hutokea pale maji ya kutoka juu yanapovuka kingo, na hatari yake huongezeka kadiri mchanga na taka vinavyojaza mkondo na kupunguza nafasi ya maji kupita. Ya mtaani hutokana na mvua inayonyesha papo hapo na kukosa pa kwenda. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji, kwa hiyo paa la mita za mraba 80 likipigwa na mvua ya milimita 50 humwaga lita 4,000, na nyumba 30 za ukubwa huo zilizobanana kando ya mtaro mmoja humwaga lita 120,000 kabla ya kuhesabu maji ya barabarani. Mtaro ulioziba kwa mifuko na mchanga hauwezi kuupokea wingi huo kwa wakati, na maji huelekea kwenye sakafu iliyo chini kuliko nyingine.

Kinga iliyozoeleka zaidi ni kizingiti, ambacho katika maeneo haya ni ukuta mfupi unaojengwa mlangoni kwa tofali za sementi na kupigwa lipu pande zote mbili, hata anayeingia hulazimika kuuvuka kwa kunyanyua mguu au kwa ngazi ndogo. Tofali moja pamoja na udongo wake wa kujengea hutoa kimo cha takribani sentimita 25, hivyo kizingiti cha kozi mbili, yaani mistari miwili ya tofali, hufikia nusu mita. Wasio na uwezo wa kujenga hupanga viroba vya mchanga, ambavyo hupunguza kasi ya maji lakini huvuja kwenye maungio, isipokuwa vikitandikiwa karatasi ya nailoni upande wa nje na kupandana kama tofali zinavyopandana.

Kuongeza kozi hakuongezi usalama kwa uwiano uleule, kwa kuwa maji yaliyosimama husukuma kwa nguvu inayokua kulingana na kina. Maji ya nusu mita yaliyozuiwa nje husukuma kila mita 1 ya urefu wa ukuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 125, ilhali maji ya mita 1 husukuma kwa kilo 500. Kina kikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Ukuta wa tofali usio na nguzo wala nondo haukujengwa kwa ajili ya kubeba mzigo wa ubavuni, na hii ndiyo sababu nyumba iliyofanikiwa kabisa kuyazuia maji mengi nje yaweza kupasuka ukuta ghafla, wakati ile iliyoyaruhusu kuingia hubaki imesimama, kwa kuwa maji ya ndani na ya nje husukumana yakalingana.

Mlango ni njia ya kwanza tu ya maji; njia ya pili ni sakafu. Jamvi, yaani tabaka la zege linalomwagwa juu ya kifusi, likiwa na unene wa sentimita 10 huwa na uzito wa kilo 240 hivi kwa kila mita ya mraba, ilhali maji ya ardhini yakiwa na kimo cha sentimita 50 juu ya upande wa chini wa jamvi hilo huweza kulisukuma kwenda juu kwa nguvu ya kilo 500 kwa eneo hilohilo. Jamvi jembamba hupasuka, na maji huchuruzika ndani huku kizingiti kikiwa kikavu kwa juu. Kuta nazo hunyonya maji kupitia vitundu vya tofali, ndiyo maana lipu ya nje yenye sementi ya kutosha na dawa ya kuzuia maji inapaswa kuanza chini ya usawa wa ardhi na kuishia juu ya kimo cha kizingiti.

Njia ya tatu, ambayo husahaulika, ni choo. Bomba linalounganisha choo cha ndani na karo, yaani shimo la kupokea majitaka, hupitisha maji pande zote mbili, kwa hiyo maji ya nje yakipanda juu ya karo hurudi ndani yakiwa yamechanganyika na kinyesi. Suluhisho ni valvu inayoruhusu maji kutoka bila kurudi, au, kwa gharama ndogo, kuinua bakuli la choo juu ya kimo cha mafuriko, kama wanavyofanya baadhi ya wakazi kwa kujenga vyoo vyenye ngazi. Kinyume cha hayo ni kutapisha choo, yaani kulifungulia shimo wakati wa mvua ili uchafu uchukuliwe na maji, jambo ambalo humwondolea mwenye nyumba gharama ya gari la kunyonya majitaka lakini huwapelekea majirani kipindupindu.

Ndani ya nyumba, kazi iliyobaki ni kupunguza hasara. Soketi na swichi kuu hupandishwa juu ya alama ya mafuriko yaliyopita, ambayo kwa kawaida husomeka ukutani kwa mstari wa tope; vitanda na majokofu huwekwa juu ya tofali; vyeti na hati hufungwa katika mfuko usiopitisha maji. Umeme unapaswa kuzimwa kabla maji hayajavuka kizingiti, kwa sababu baada ya hapo kuifikia swichi kwa miguu iliyo majini ni kuhatarisha maisha.

Kasoro kubwa ya kinga ya nyumba mojamoja ni kwamba haiyapunguzi maji. Anayejaza kifusi uwanjani mwake huinua ardhi yake na kuyaelekeza maji kwa jirani, naye jirani akijaza cha kwake, mtaa mzima hupanda na nyumba za zamani, pamoja na zile zilizopitwa na kimo cha barabara mpya, hubaki mashimoni. Ndiyo maana usafishaji wa mtaro wa pamoja kabla ya Machi, ukisimamiwa na serikali ya mtaa, huweza kuleta nafuu kubwa kuliko kozi ya ziada ya tofali katika kila mlango.

Kwa jumla, kizingiti cha kozi mbili, kikiambatana na lipu nzuri, jamvi imara na choo kilichozuiwa kurudisha maji, ni kinga ya kuaminika dhidi ya maji ya mtaani yasiyozidi nusu mita. Kwa nyumba iliyo ukingoni mwa mto hakitoshi, na mkazi wa huko anayesikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania anapaswa kuzima umeme, kuchukua watoto na hati zake, na kuhamia mahali pa juu mapema, badala ya kubaki akilinda mlango.