Nauli ya Selim: Safari ya Ulaya katika Nathari ya Kiswahili

Mwaka 1901 kilichapishwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu kilichoitwa Safari za Wasuaheli. Mkusanyaji wake, Carl Velten, alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani Dar es Salaam kabla ya kwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na maandishi aliyoyakusanya yaliandikwa na Waswahili wenyewe. Ndani ya jalada hilo moja zimo safari mbili ambazo mara nyingi hutajwa mbalimbali, na wahakiki wenye haja mbalimbali. Moja ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Udoe hata Uzigua akaeleza mila za Wadoe. Nyingine ni ya Selim bin Abakari, Mngazija, aliyesafiri mwaka 1896 kutoka Ujerumani hadi Urusi na Siberia.

Msomaji wa Kwedizinga, katika Wilaya ya Handeni, anakikabili kitabu hiki kwa namna yake. Katika kurasa za Mtoro nchi yake ndiyo bara inayoendewa, mwisho wa njia ya mtu wa pwani mwenye daftari. Katika kurasa za Selim mambo yanageuka: Mswahili ndiye anayeikodolea macho nchi ya watu. Na achukuliwe msomaji huyo kuwa kijana aliyejiwekea akiba, anayepanga kuizunguka Ulaya kwa treni, begi mgongoni, kwa mara ya kwanza na peke yake. Vitabu vya kuwaongoza wasafiri wa namna hiyo vimejaa tele kwa Kiingereza na Kijerumani. Kiswahili nacho kina urithi wa zaidi ya karne moja wa habari za Ulaya. Yafaa kuuliza urithi huo unamfaa kwa lipi, na unamwacha wapi.

Selim ndiye wa kuanza naye, maana ndiye msafiri wa reli. Mwaka aliosafiri, reli ya Usambara ilikuwa ndiyo kwanza imefika Muheza. Korogwe haikufika mpaka 1902. Mzigua aliyetaka kwenda pwani mwaka ule alikwenda kwa miguu, na huku Mswahili mwenzake alikuwa akikatisha Urusi ndani ya behewa, katika nchi ambayo nayo ilikuwa ingali ikiijenga reli yake kuu ya Siberia, iliyoanzwa 1891. Ustadi wa Selim ni wa jicho. Hana haraka ya kushangaa, na ushangao wake una mizani: anayoyaona anayapima kwa yale ayajuayo, miji kwa miji, dini kwa dini, ustaarabu kwa ushenzi. Kipimo hicho cha mwisho ni cha pwani, kile kile ambacho watu wa pwani walikitumia kuwapimia watu wa bara, Wazigua wakiwamo. Msomaji wa Handeni atakitambua mara moja, na pengine atacheka kimoyomoyo akiona safari hii kimewaangukia watu wa Siberia.

Hata hivyo kichwa cha habari cha Selim kina neno moja la kusomwa kwa hadhari. Safari ile aliiita yake: Safari yangu ya Urusi na ya Siberia. Kwa hakika ilikuwa ya bwana wake, Dakta Theodor Bumiller, aliyepata kuwa msaidizi wa Wissmann katika Afrika ya Mashariki. Bumiller ndiye aliyechagua njia, akaamua walale wapi na waondoke lini. Selim alikuwa mtumishi wake. Kwa hiyo hiyo "yangu" ina dai ndani yake: nauli si yake, ramani si yake, lakini habari ni yake. Dai hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, na ndilo linaloifanya kazi yake isomeke hadi leo, wakati ambapo watu wachache wanamkumbuka Bumiller. Bali kwa kijana anayepanga, lina upungufu mmoja. Mtu asiyekata tiketi hana haja ya kueleza jinsi inavyokatwa.

Upungufu huo unaonekana hata katika sarufi. Nathari ya safari ya Kiswahili imetawaliwa na -ka-: wakaondoka, wakafika, wakalala, wakaamka. Ni umbo zuri la kusimulia, lina mwendo wa magurudumu juu ya reli, na Waswahili wamelitumia kwa ufundi mkubwa. Lakini -ka- ni umbo la mtu ambaye jambo limekwisha kumpata. Mpango unataka -ta-, na -ki-, na zaidi ya yote -nge-: nikikosa treni hii nitapanda ipi, ningeshukia mji gani fedha zikipungua. Shaka, hesabu, kubadili nia mbele ya ubao wa ratiba, hayo ni maisha ya msafiri wa pekee, na kwa nathari hii ni shamba ambalo halijalimwa.

Amur bin Nasur wa Zanzibar yuko karibu kidogo. Alifundisha Kiswahili Berlin kati ya 1891 na 1895, na habari zake zilitiwa na C. G. Büttner katika mkusanyiko wa 1894. Yeye si mtumishi wa mtu mmoja, ni mwajiriwa, na mwajiriwa huijua bei ya vitu. Ndiyo maana hazuiliki kunung'unikia mshahara. Wahakiki wengine wameyaona manung'uniko hayo kuwa doa katika maandishi yake. Kwa kijana wa begi mgongoni, hapo ndipo penye faida: Ulaya inaacha kuwa maonyesho, inakuwa mahali pa kulipia chakula na kulala. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; Amur aliandika akiwa amelishika jembe hilo.

Martin Kayamba ni kinyume chake. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani, na asili yake ni Bonde, jirani kabisa na Uzigua. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamugira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki, na mwaka uliofuata likatoka buku lake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Kitabu kina adabu ya mgeni wa serikali, na adabu hiyo ndiyo inayokifunga. Mgeni aliyekaribishwa hasemi kwamba godoro lilikuwa gumu. Kichwa chenyewe kiko katika wingi, "tuli", na wingi huo si wa bahati: Kayamba anaona kwa niaba ya watu waliompeleka. Nusu karne baadaye, mwaka 1984, Freddy Macha alikiita kitabu chake cha hadithi Twen'zetu Ulaya, na hapo pia, kwa sauti ya kizazi kingine kabisa, wito ni wa wengi.

Wingi huu una mizizi yake katika mila. Mtu akiaga nyumbani, wazee hawamuulizi tu aendako, humuuliza, "Unakwenda kwa nani?" Kwenda bila mwenyeji ni jambo linalotia wasiwasi, na Kiswahili hakijapata jina tulivu la kulitaja: "kutembea" ni kumtembelea mtu, "kuzurura" ni aibu, na "utalii" umekwisha kupewa wageni wanaoshuka Kilimanjaro. Cha ajabu ni kwamba fomu ya viza ya Schengen, iliyotungwa na watu wasiowajua wazee wa Handeni, inauliza swali lile lile. Inataka jina la mwenyeji, na asipokuwapo, jina la hoteli. Inataka tarehe ya kuingia na ya kutoka, katika mipaka ya siku 90 ndani ya kila siku 180. Bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Ada ya yuro 90, iliyopandishwa Juni 2024. Na ombi lipelekwe kwa nchi ambako mwombaji atakaa zaidi. Kisha inauliza nani atakayegharimia safari, mwombaji mwenyewe au mfadhili. Selim angejaza kisanduku cha pili bila kusita, na Kayamba vivyo hivyo.

Kijana atakayejaza kisanduku cha kwanza anatakiwa aandike barua ya kueleza safari yake mji kwa mji, kabla hajaona hata mmoja. Barua hiyo, hata ikiandikwa kwa Kiingereza, ni utungaji, na imejaa -ta- mwanzo hadi mwisho. Humo ataeleza kwa nini amechagua pasi ya Eurail, inayouzwa kwa wasioishi Ulaya, badala ya Interrail ya wenyeji. Atapiga hesabu ya malipo ya kiti yanayoongezwa juu ya pasi katika treni za mwendo kasi za Ufaransa, Hispania na Italia, na huenda kwa sababu hiyo akachagua treni za polepole za Ujerumani. Akitaka kuifuata njia ya Selim hatafika mbali. Urusi ina viza yake, na treni ya Allegro kati ya Helsinki na St. Petersburg ilisimamishwa Machi 2022. Yote haya ni mambo makavu, lakini hofu na matumaini ya msafiri yamo humo humo, na mwandishi atakayeyatia katika Kiswahili kizuri atakuwa amefanya jambo ambalo Selim hakupewa nafasi ya kulifanya.

Kabla ya hapo, hata hivyo, msomaji wa Kwedizinga asiziruke kurasa za Mtoro. Humo atajifunza jinsi inavyokuwa kufikiwa na mgeni mwenye kalamu, aliyekuja na majina yake tayari ya mstaarabu na mshenzi. Elimu hiyo hakuna kitabu cha mwongozo kinachoiuza, na atakapokaa dirishani mwa treni akitaka kuandika juu ya Wapolandi au Waitalia itamzuia mkono pale inapofaa kuzuiwa. Mtoro naye alikwenda Berlin, mwaka 1900, kufundisha. Akaandika Desturi za Wasuaheli, iliyochapwa 1903. Akamwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905, baada ya kuacha kazi kwa kukosa heshima darasani, alifunga safari kwa uamuzi wake mwenyewe, kurudi nyumbani na mkewe. Meli ilifika pwani ya Afrika ya Mashariki. Serikali ya Kijerumani haikuwaruhusu kushuka, wakarudishwa Ujerumani, na Mtoro akafa Berlin mwaka 1927.