Twelve-Factor App na logi: ukurasa mzuri wenye kuacha nusu ya kazi

Bandugu, wengi wetu tuliojifunza programu bila kupita informatique tunapewa andiko moja kama katekisimu: The Twelve-Factor App, ya Adam Wiggins wa Heroku, mwaka 2011. Iko na kanuni 12 za kutengeneza programu za wavuti zenye kuishi kwenye seva za kukodi, ile wanaita wingu. Leo nasema juu ya kanuni ya 11 tu, ya logi, ni kusema lile daftari ambamo programu inaandika mambo yanayoipata.

Nianze na sifa, juu inazistahili. Kanuni inasema: programu isijishughulishe na mafaili ya logi. Itoe kila tukio kwenye mkondo wake, basi. Kukusanya na kuhifadhi ni kazi ya mazingira inamokaa. Iko sawa kabisa. Kwenye Heroku programu inawashwa upya karibu kila siku, na mafaili iliyoandika humo yanafutika. Ukiweka logi ndani ya faili, kesho hakuna kitu.

Lakini soma mwisho wa ukurasa. Unaahidi kwamba kwa logi hizo utatafuta tukio la zamani, utachora grafiki, utapata onyo makosa yakizidi. Tukio lenyewe liandikwe namna gani? Unasema tu kwamba kwa kawaida ni maandishi, mstari mmoja kwa tukio moja, na katika mabano unakubali kwamba ripoti ya kosa inaweza kushika mistari mingi. Yale mabano njo shida yote. Chombo chenye kukusanya mstari kwa mstari kitakata ripoti ya mistari 30 kuwa matukio 30, yamechanganyika na ya watumiaji wengine. Nenda sasa utafute!

Sisi wa agronomia tunajua hii. Mtu akiandika "muhindi haukutoa vizuri", hayo ni malalamiko, hapana data. Tunataka safu: tarehe, parseli, mbegu, mbolea, kilo. Logi ni vile vile. Linganisha:

Kosa: fomu haikupita

{"severity":"ERROR","message":"fomu haikupita","ombi":"7f3a","hatua":"kuhifadhi","muda_ms":30012}

Ya kwanza inahuzunisha tu. Ya pili inajibu: ni ombi gani, lilikwama wapi, lilingoja sekunde ngapi. Kwenye Cloud Run ya Google, mstari wa namna hii unasomwa pamoja na uzito wake. Na vyombo kama Sentry vinaweka makosa yanayofanana katika fungu moja, ukaona kosa moja limepiga batu wengi, badala ya kuhesabu kelele.

Mtu atasema: mwaka 2011 hayo hayakuwapo. Yalikuwapo. RFC 5424, kanuni ya syslog ya mwaka 2009, ilikuwa tayari na ngazi 8 za uzito, kuanzia 0 hadi 7, na nafasi maalum ya data yenye muundo.

Bei ya ukimya huu nimeiona. Katika mradi mmoja wa kuandikisha wakulima, watu walimaliza mega zao kutuma fomu, na kioo kikaandika "kosa limetokea". Tulipoomba logi kwa waliotengeneza programu, tulikuta maneno yale yale, mstari juu ya mstari. Hakuna aliyeweza kusema nani ameandikwa na nani bado. Ilibidi kurudi kijiji kwa kijiji.

Iko ukimya mwingine: kanuni hiyo haisemi kitu gani *kisiandikwe*. Huku kwetu namba ya simu njo akaunti ya pesa. Namba ya simu na nenosiri visiingie kwenye logi. Namba ya ombi inatosha kufuata safari yote.

Kwa hiyo musiitupe Twelve-Factor. Muisome, kisha muongeze kwa mkono wenu: tukio moja mstari mmoja, kila safu na jina lake, uzito, namba ya ombi, na ripoti nzima ya kosa ndani ya safu yake. Mkulima aliyetumia mega zake iko na haki ya kujua fomu yake ilifika wapi, na programu isiyoweza kumjibu haijamaliza kazi.