Nani Mtunzi? "Malaika", Boney M. na Masoko ya Muziki ya Nakivubo

Makala haya yanahoji mazoea ya kumhesabu aliyerekodi wimbo kuwa ndiye mtunzi wake. Wimbo "Malaika" ulivuma kwa santuri ya Mkenya Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa wapo wanaomtaja Mtanzania Adam Salim kuwa ndiye aliyeutunga. Kundi la Boney M. lilipoutoa kwa mtindo wa disko mwaka 1981, mapigo na ala vilibadilika, ila mahadhi yalibaki yaleyale. Ni mahadhi hayo yanayodai mirabaha, na mirabaha humfuata aliyeandikwa kuwa mtunzi.

Nchini Uganda, sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inatenganisha haki za mtunzi na hakishiriki za mwimbaji na mtayarishaji. Hata hivyo, katika vibanda vya Nakivubo, Kampala, vinavyopakia nyimbo kwenye simu, wimbo hutambulishwa kwa jina la mwimbaji pekee. Mtunzi hana pa kuonekana.

Tunapendekeza usajili uorodheshe mtunzi wa mahadhi, mtunzi wa maneno, mpangaji wa ala na mwimbaji, kila mmoja peke yake. Penye mgogoro wa utunzi, mgogoro wenyewe usajiliwe, na mirabaha izuiwe hadi uamuliwe.