Alama 240

Mtoto wa Lalago, mkoani Simiyu, aketiye mwezi wa Septemba mbele ya karatasi ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambaye mzazi wake ana tamaa ya kumwona Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato au mojawapo ya shule mbili za Tabora, hashindani na karatasi ile peke yake, bali hushindana na wenzake walioketi saa ile ile mbele ya maswali yale yale; kwa kuwa shule hizo za vipaji maalumu hazijazwi na waliofaulu, hujazwa na waliotangulia miongoni mwa waliofaulu. Tofauti hii ndiyo asili ya shauri lote la maandalizi, na aghalabu husahauliwa. Daraja la kufaulu, yaani C, laanzia alama 121 katika 300. Daraja la A laanzia 241. Mzazi atakaye mlango wa shule hizo hana budi kuweka macho yake juu ya 241, wala asiridhike na ripoti ya muhula isemayo tu kwamba mtoto amefaulu.

Na tuifungue hesabu ya mtihani wenyewe. Tangu mwaka 2021 masomo yamekuwa sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili, kila moja likibeba alama 50. Katika muundo huo kila karatasi ina maswali 45: ya kuchagua herufi ni 40, yenye alama moja moja, na ya kuandika majibu mafupi ni 5, yenye alama mbili mbili. Basi mtoto ambaye, katika karatasi zote sita, amepata kila swali la kuchagua pasipo kukosa hata moja, kisha akayaacha matupu yale ya kuandika, huvuna alama 240 kamili, akabaki nje ya daraja la A kwa alama moja. Sijui hesabu nyingine ambayo mwalimu wa darasa la saba angepaswa kuiandika ubaoni mapema zaidi kuliko hii. Walakini mazoezi mengi wanayopewa watoto ni ya herufi tupu, kwa sababu ndiyo mepesi kusahihisha katika darasa lenye watoto wengi, na sehemu ya kuandika huachwa hadi majuma ya mwisho.

Dawa yake yaweza kutiwa nyumbani na mzazi ambaye yeye mwenyewe hakusoma sana. Achukue karatasi ya mtihani uliopita, ayafunike majibu matano ya kila swali la kuchagua kwa kipande cha karatasi, amwambie mtoto alijibu swali kwa maneno yake, ndipo afunue. Mtoto ambaye jibu lake halimo miongoni mwa yale matano amejijulisha mara moja kwamba hakujua, ilhali angaliona herufi kwanza, angalibahatisha na huenda angalipata, na ujinga wake ungalifichika hadi Septemba.

Katika Hisabati jambo hili lina uzito zaidi. Chukua swali la namna hii: baiskeli ilipunguzwa bei kwa asilimia 20, ikauzwa shilingi 160,000, bei yake ya kwanza ilikuwa kiasi gani? Jibu sahihi ni 200,000. Lakini mtungaji hodari ataweka pia 192,000, kwa ajili ya yule atakayetafuta asilimia 20 ya 160,000 na kuijumlisha, na 128,000, kwa ajili ya yule atakayeitoa. Majibu potofu hayatupwi ovyo. Kila moja limewekewa kosa lake linalojulikana, na mtoto aliyekosea hivyo hufurahi kulikuta jibu lake, akadhani amesibu. Asiyeelewa hasaidiwi na kurudia maswali 50 ya asilimia; husaidiwa na kuonyeshwa kwamba bei ya kwanza ndiyo mafungu 100, kwamba baada ya punguzo yamesalia 80, na kwamba ikiwa mafungu 80 ni shilingi 160,000, fungu moja ni 2,000. Kosa hapa halikuwa la kuzidisha wala kugawanya, lilikuwa la kusoma: mtoto hakuuliza asilimia 20 ni ya nini.

Kwa hiyo naona kwamba chombo kikuu cha maandalizi ni daftari moja la makosa, ambamo kila swali lililokoswa huandikwa pamoja na sababu yake: sikujua, sikusoma vizuri, nilikokotoa vibaya, au nilibahatisha. Baada ya mtihani wa utimilifu daftari hilo lina faida kubwa kuliko nafasi aliyoshika mtoto darasani. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lenyewe hufanya kazi ya jinsi hiyo kwa nchi nzima: hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambamo huelezwa swali hata swali ni kadiri gani ya watoto waliovutwa na jibu potofu na kwa nini. Taarifa hizo hupatikana mtandaoni bila malipo, na mwalimu mwenye simu aweza kuzisoma kwa ajili ya darasa zima.

Kiingereza ndicho kisiki cha mtoto ambaye nyumbani husema Kisukuma na darasani husomeshwa kwa Kiswahili. Hesabu yaweza kumdanganya mzazi: aliyepata 45 katika kila moja ya masomo matano atafika 241 hata akipata 16 tu katika Kiingereza. Lakini mwenzake wa shule ya mchepuo wa Kiingereza, aliye sawa naye katika matano yale, aweza kupata 45 katika la sita pia, akamtangulia kwa alama 29, na katika mashindano ya kutanguliana pengo hilo halizibiki. Kurasa mbili za hadithi nyepesi kila siku tangu darasa la tano, zikisomwa kwa sauti, zafaa kuliko orodha ya kanuni zilizokaririwa Agosti.

Kisha kuna kalenda ya Lalago, ambayo si kalenda ya mtungaji wa mtihani. Pamba huchumwa na kupelekwa mizanini miezi ile ile ya Mei, Juni na Julai ambayo mtahiniwa anahitaji utulivu, na mikono ya mtoto wa miaka 13 ni mali shambani, kama ilivyo mali nyuma ya ng'ombe. Sidiriki kumlaumu mzazi kwa hilo. Kambi za kitaaluma, zilizopata nguvu mkoani Simiyu wakati Anthony Mtaka alipokuwa Mkuu wa Mkoa kati ya 2016 na 2021, zilikusanya watahiniwa mahali pamoja na walimu mahiri kutoka shule mbalimbali, na kwa rai yangu nguvu yao kubwa haikuwa mbinu mpya za ufundishaji, bali saa: mtoto alipewa taa ya usiku na asubuhi isiyo na kazi. Mzazi asiyeweza kumpeleka kambini na ampunguzie mwanawe wa darasa la saba zamu ya machungani tangu Mei, amwekee saa moja ya alfajiri isiyoguswa.

Ama kuijaza fomu ya majibu, yaani penseli ya HB, kivuli kilichojaa bila kutoka nje, na kuhakiki kwamba namba ya swali yalingana na namba ya fomu, hayo ni mambo ya mazoezi ya juma moja, yafanywe na kuachwa.

Mtihani ukiisha Septemba, hubaki miezi mitatu na zaidi kabla ya kidato cha kwanza kufunguliwa Januari, na watoto wengi huiweka kalamu chini muda wote huo. Yeyote atakayeingia sekondari ya serikali, iwe ya vipaji maalumu au ya kutwa katika kata yake, atakuta hisabati, biolojia, fizikia, kemia na jiografia zikifundishwa kwa Kiingereza; kwa hiyo Oktoba ndio mwezi wa kumwazimia vitabu vya kidato cha kwanza kwa jirani aliyetangulia, ajifunze majina ya vitu ambavyo amekwisha kuvijua kwa Kiswahili.