Polisi wa mto waliolipa ujira wa makuli

Habari za polisi wa mto Thames, London, kwa kawaida huanza na mashua za doria. Mimi naanza na dirisha la malipo, maana ujanja wote ulikuwa pale.

Miaka ya 1790 meli za sukari na ramu kutoka Karibi zilitia nanga katikati ya mto, zimebanana ubavu kwa ubavu, kwa sababu magati yaliyoruhusiwa kisheria kupokea shehena ya ushuru yalikuwa machache mno. Mzigo ulishushwa kwenye matishali, nayo yakasubiri zamu gatini wiki nzima na zaidi. Hasara ya wizi bandari nzima ilikadiriwa kufika pauni 500,000 kwa mwaka.

Wasimamizi wa magenge walichukua kazi ya kupakua kwa bei ya kutupa, wakawalipa makuli kiduchu. Kila mtu alijua pengo lingezibwa vipi. Hakimu Patrick Colquhoun ametuachia maelezo ya mavazi yao: ndani ya nguo walivaa koti lenye mifuko mbele na nyuma, na chini ya suruali pana walifunga mapajani vifuko virefu vyembamba. Mtu alipanda melini mwembamba, akashuka amenenepa kwa sukari.

Colquhoun na baharia mstaafu John Harriott walifungua ofisi yao Wapping Julai 1798, kwa fedha zilizotoka zaidi kwa wafanyabiashara wa Karibi. Doria ilikuwepo, ndiyo. Lakini ofisi hiyohiyo iliandikisha makuli, ikapanga viwango vya ujira na kuwalipa. Konstebo alikaa melini tangu ngama inafunguliwa hadi inafungwa. Nguo pana na vifuko vikapigwa marufuku, na anayeshuka akapekuliwa. Kuli aliyeshukiwa hakuhitaji hata kufikishwa mahakamani. Jina likifutwa daftarini, kazi imekwisha.

Hapo ndipo penye utata. Sukari iliyomwagika na makaa yaliyobaki vilihesabiwa na wafanyakazi kuwa haki yao ya mazoea, sehemu ya malipo. Sasa bakshishi ikageuka wizi, na aliyeamua hivyo analipwa na mwenye mali. Oktoba 1798, baada ya wapakuzi wa makaa kutozwa faini, umati uliishambulia ofisi kwa mawe. Risasi zikalia, na Gabriel Franks, aliyekuwa akiwasaidia polisi, akauawa. Mwaka 1800 Bunge likakifanya kikosi kuwa cha umma.

Colquhoun alidai kwamba mwaka wa kwanza peke yake uliokoa mali ya pauni 122,000. Ni yeye pia aliyesema watu 11,000 kati ya 33,000 waliofanya kazi mtoni ni wezi. Namba zote mbili nazipokea kwa tahadhari, maana alikuwa akizitumia kuomba fedha. Tena mwaka 1802 zilifunguliwa West India Docks, bandari iliyozungushiwa kuta ndefu, na sheria ikazilazimisha meli za Karibi kupakua humo kwa miaka 21. Kwa hiyo anayetaka kupima kazi ya polisi dhidi ya wizi wa sukari ana miaka minne tu ya kuangalia. Baada ya hapo, sehemu kubwa ya ulinzi huo ilifanywa na mwashi.