Kinyago cha Shujaa Mikononi mwa Mtoto

Methali isemayo kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi husemwa aghalabu na mtu mzima kumkumbusha yule aliyemlea ya kwamba ukubwa wake hauna siri kwake. Ikitiwa katika chumba cha darasa, ambamo watoto wameambiwa watengeneze vinyago vya mashujaa, methali hiyo hugeuka kuwa swali zito. Ikiwa kitu cha mkono hakimtishi aliyekifanya, je, mtoto afinyangaye uso wa shujaa kwa karatasi na uji wa muhogo ajifunza kumheshimu shujaa yule, ama ajifunza kumdharau? Wako walioliona somo hili kuwa kazi njema ya kuzoeza mikono, wala si zaidi. Lakini kazi impayo mtoto uso wa mtu mwingine auvae yastahili kupimwa kwa mizani ya fasihi, kwa kuwa ni namna ya kusimulia.

Wamakonde wa uwanda wa juu wa Mueda, katika Msumbiji, na ndugu zao walioko kusini ya Tanzania, wana ilimu ya kale katika jambo hili. Lipiko la Mueda huchongwa kwa mti mwepesi kwa mfano wa kichwa kizima, chenye chale usoni na pengine nywele halisi za mtu. Mchezaji hulivaa kichwani kama kofia, akaona njia kwa kupitia mdomo wa kinyago, na mwili wake hufunikwa nguo asijulikane. Kwa desturi ya zamani wanawake, na watoto ambao hawajatiwa jandoni, huambiwa ya kuwa yule achezaye si mtu bali ni mzimu. Mvulana aingiapo jandoni hufunuliwa siri: chini ya lipiko yumo mtu, tena huenda akawa mtu anayemfahamu. Kujua hayo ni sehemu ya kukua kwake.

Lipiko basi halikuwekwa kwa ajili ya kusifu mashujaa peke yao. Zilichongwa nyuso za wazee, za wanyama na za viumbe vya kutisha; na katika zama za Wareno zilichongwa hata nyuso za wageni na askari, ili watu wapate kuwacheka. Mwalimu anayemwingiza shujaa chini ya kinyago aongeza matumizi mapya, na kuongeza si kosa, kwa kuwa sanaa isiyopokea kitu hufa. Kosa ni kuchukua mti na kuacha mafunzo. Ilimu ya Wamakonde haikuwa katika kuvaa tu. Ilikuwa pia katika kuvua. Somo ambalo huishia pale watoto wanapojipanga na vinyago vyao kutazamwa, kisha vikatundikwa ukutani, ni nusu ya somo.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili ni Fumo Liyongo. Utenzi wake uliotungwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913 wamsifu kwa kimo, upana na haiba. Mtoto akipewa sifa hizo peke yake, atafanya uso mkubwa, mwenye macho makali na meno yaliyokenuliwa. Uso huo utafaa kwa Liyongo, utafaa kwa jitu lolote la hadithi, na utafaa kwa jambazi. Hapo kinyago kimemfundisha mtoto kuwa ushujaa ni ukali.

Yuko atakayesema kuwa Liyongo asitiwe uso kabisa. Neno hilo lina haki yake. Katika miji ya Waislamu wa pwani, mfano wa kiumbe haukupendwa, na fundi wa mbao alitumia ustadi wake katika maua, majani na duara za milango. Kijuma mwenyewe, pamoja na utunzi na uandishi wa hati, alikuwa mchonga nakshi; lakini Liyongo alimchonga kwa maneno. Mwalimu anayefundisha watoto wa watu hao hana ruhusa ya kuipuuza itikadi ya wazazi wao kwa jina la sanaa. Aweza kuwapa utenzi, wakauchora uso katika fikira. Na pale ambapo kinyago hakina pingamizi, adabu ya Kijuma bado yafaa kufuatwa: maneno yatangulie, mkono ufuate.

Maneno yakitangulia, mtoto hukutana na swali ambalo uso mkali hauwezi kulijibu: ni saa ipi ya maisha ya Liyongo ambayo kinyago kitaionyesha? Je, ni saa ya kucheza gungu, au saa ya kifungoni? Ama ni ile ya usingizi, alipochomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, aliyehadaiwa na maadui kwa ahadi? Baada ya pigo lile Liyongo alikwenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale katika uta, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji waliogopa kuteka maji, wakidhani yu hai. Maiti ilikuwa kinyago kisicho na mtu ndani, na mji mzima ulitishika nayo kwa kuwa hapana aliyethubutu kuikaribia. Mtoto aliyelifahamu tendo hilo hatahitaji kukenua meno ya kinyago chake. Atatafuta namna ya kuonyesha uso wa mtu anayekufa naye hataki ijulikane.

Katika kisa hicho hicho yumo Saada, kijakazi, ambaye si rahisi mtoto kumchagua. Liyongo alipofungwa, walinzi walikula vyakula vizuri alivyoletewa. Mamaye akapika mkate wa wishwa, akatia tupa ndani yake, na Saada akaupeleka. Walinzi wakaudharau mkate, ukamfikia mfungwa, akakata minyororo. Ushujaa wa Saada ulikuwa katika uso usioonyesha kitu mbele ya watu wenye silaha. Darasa ambalo lina vinyago ishirini vya Liyongo wala halina kimoja cha Saada limeusoma utenzi vibaya, na wasichana waliomo wamefundishwa bila ya kuambiwa kuwa ushujaa si wao.

Mtihani mgumu kuliko huo ni Kinjikitile wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi wa Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vilipokuwa vinaanza. Vita hivyo viliendelea hata mwaka 1907, na maji hayakuzuia risasi. Tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotolewa mwaka 1969 haikuficha jambo hilo. Kinjikitile wake hupandwa na mzimu wa Hongo, huwaunganisha watu kwa neno, kisha huingiwa na shaka juu ya neno lile lile. Hapa kinyago na shujaa hulingana kuliko pengine popote, kwa kuwa mtu huyu alibeba sauti ambayo hakuwa na yakini kuwa ni yake. Mtoto atakayemtengeneza hana budi kuchagua kati ya uso wenye yakini na uso wenye shaka, au afanye vyote viwili. Na akimwuliza mwalimu kama mtu aliyekosea katika jambo la maji aweza kuitwa shujaa, asinyamazishwe. Kwa ajili ya swali hilo somo lilistahili kuwekwa.

Kwa hiyo methali iliyotangulia si ya kuogopwa. Ni kweli kwamba kinyago hakimtishi aliyekifanya. Lakini hofu si heshima. Mtoto aliyeukata uso wa Kinjikitile kwa mkono wake, akauvaa, akaona darasa kupitia mdomo wake, kisha akauvua mbele ya wenziwe, amewaonyesha kuwa ndani mlikuwamo mtu kama wao. Walio wakubwa wakitaka mashujaa wabaki mizimu isiyokaribiwa, wasiwape watoto karatasi na uji. Wakiwapa, wajitayarishe kwa maswali.